Uongozi wa Kidijitali Serikalini: Mwalo wa Kibirizi Unavyofundisha Kuwa Kila Mfumo Unahitaji Msimamizi

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kata ya Kibirizi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ni miongoni mwa maeneo ya Mkoa wa Kigoma ambako Serikali na mwananchi hukutana kila siku ya kazi na hata siku zisizo za kazi. Mwaloni hapo hushushwa dagaa na migebuka waliovuliwa usiku katika Ziwa Tanganyika. Boti za abiria huondokea hapo kuelekea vijiji vya mwambao wa kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Gombe na mpaka wa Burundi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) nayo imetekeleza hapo mradi wa kuboresha bandari, sambamba na ule wa Ujiji.

Katika eneo kama hilo, mwananchi mmoja anaweza kulipa ushuru wa mazao ya uvuvi, kufuatilia leseni, kuulizia mkopo wa kikundi chake na kusafirisha mzigo, yote ndani ya wiki moja. Zamani shughuli hizo ziliandikwa kwenye daftari na kuthibitishwa kwa stakabadhi iliyochanwa kitabuni. Leo sehemu kubwa hupitia katika mifumo ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA). Mabadiliko hayo ni makubwa na yameleta manufaa, lakini pia yameibua swali ambalo wananchi wengi huuliza wanapokwama: mfumo unapogoma, nani anawajibika?

Makala haya yanaeleza maana ya uongozi wa kidijitali katika utumishi wa umma, msingi wake wa kisheria, na namna unavyomgusa mvuvi, mchuuzi wa dagaa, mwalimu wa kijiji cha mwambao na mtumishi anayewahudumia. Hoja kuu ni moja: ubora wa huduma ya kidijitali hutegemea kiongozi aliye karibu na mwananchi. Je, anaisoma taarifa ambayo mfumo unampa? Ameandaa utaratibu wa siku ambayo mtandao haupatikani? Yupo tayari kujibu, au huutupia mfumo lawama?

Maana ya uongozi wa kidijitali

Wapo wanaodhani kuwa uongozi wa kidijitali ni kazi ya maafisa TEHAMA peke yao. Dhana hiyo ina upungufu. Afisa TEHAMA anajua namna mfumo unavyojengwa, unavyolindwa na unavyorekebishwa. Hata hivyo, hana mamlaka ya kuamua ofisi ifunguliwe saa ngapi, mtumishi gani apangiwe kituo kipi, au mkusanya mapato asiyewasilisha fedha achukuliwe hatua gani. Maamuzi hayo ni ya mkuu wa taasisi, mkuu wa idara, mtendaji wa kata na msimamizi wa kituo.

Kwa hiyo, uongozi wa kidijitali ni uwezo wa kiongozi wa umma kutumia mifumo na takwimu katika kuamua, kusimamia na kuwajibika. Kiongozi wa namna hiyo hahitaji kujua kuandika programu ya kompyuta. Anahitaji kujua mfumo uliopo katika eneo lake unafanya nini, unamwonesha nini, unamficha nini, na mwananchi gani anaachwa nje yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kiongozi anayemuuliza afisa wake kijana maana ya ripoti iliyopo kwenye kioo cha kompyuta anafanya kazi yake ipasavyo kuliko yule anayeidhinisha asichokielewa.

Msingi wa kisheria na mifumo iliyopo

Safari ya Tanzania katika eneo hili ina historia. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012. Baadaye, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye makao makuu jijini Dodoma, ambayo ipo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Mamlaka hiyo inasimamia viwango, inaratibu miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma na kuzuia kila taasisi kujenga mfumo wake usiozungumza na mifumo mingine. Sheria hiyo pia inazitaka taasisi za umma kuwa na vyombo vya ndani vya kusimamia TEHAMA, jambo linaloifanya kuwa ajenda ya menejimenti nzima na si ya chumba kimoja chenye mitambo.

Mifumo ambayo mwananchi hukutana nayo ni mingi. Mfumo wa Serikali wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Mapato (GePG), ulioanza kutumika mwaka 2017, ndio unaotoa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo wananchi wengi huiita kontroli namba. Mfumo wa TAUSI hutumiwa na Mamlaka za Serikali za Mitaa katika leseni za biashara na mapato mengine. Mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza Julai 2023, unamwezesha mkandarasi au mzabuni wa Kigoma kuona zabuni na kuwasilisha maombi bila kusafiri kwenda Dodoma wala Dar es Salaam. Zipo pia namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA, pamoja na anwani za makazi zilizowekwa kupitia operesheni ya mwaka 2022.

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma, ilifanyika kwa makarani kutumia vishikwambi. Baada ya kazi hiyo, Serikali ilielekeza vifaa hivyo vigawiwe kwa walimu. Mfano huo unaonesha mipaka ya kifaa chenyewe. Kishikwambi kilekile kinaweza kuwa nyenzo ya kuandaa masomo na kutunza kumbukumbu za wanafunzi, au kikafungiwa kabatini kwa kuhofia kupotea. Kifaa hakichagui. Anayechagua ni mkuu wa shule na afisa elimu anayemsimamia.

Mapato ya mwaloni na mashine za POS

Mfano ulio karibu zaidi na wananchi wa Kibirizi ni ukusanyaji wa mapato. Halmashauri nchini zinatumia mashine za kukusanyia mapato, maarufu kama POS, katika masoko, stendi, mageti na mialo. Lengo lake ni jema: mlipaji anapata stakabadhi papo hapo, na kiasi kilicholipwa kinaonekana kwenye mfumo wa halmashauri badala ya kubaki kwenye daftari la mkusanyaji.

Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) za miaka kadhaa zimebainisha kuwa katika baadhi ya halmashauri nchini, fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo hazikupelekwa benki kwa wakati au hazikupelekwa kabisa, na kwamba baadhi ya mashine zilikaa nje ya mtandao kwa muda mrefu. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hali hiyo mfumo ulikuwa umefanya kazi yake. Ulirekodi makusanyo na kuonesha deni la kila mkusanyaji. Kilichokosekana ni msimamizi wa kufungua taarifa hiyo kila siku, kulinganisha makusanyo na fedha zilizofika benki, na kuuliza kwa nini mashine fulani haijasomeka kwa siku tatu.

Hapo ndipo tofauti ya kununua mashine na kuongoza kidijitali inapoonekana. Shilingi inayolipwa na mchuuzi wa dagaa mwaloni, isipofika benki, haiwezi kuwa choo cha soko, taa ya mwalo wala dawa ya zahanati. Mchuuzi ametimiza wajibu wake na stakabadhi anayo. Anayebaki na deni kwake ni utumishi wa umma.

Saa za ziwa na saa za ofisi

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanyika usiku kwa kutumia taa, na hushamiri katika siku za giza, yaani siku ambazo mbalamwezi haipo. Mitumbwi hurejea alfajiri. Samaki wabichi huanza kupoteza thamani jua linapopanda, na dagaa wanaokusudiwa kukaushwa wanahitaji kuanikwa mapema. Ofisi za umma, kwa upande wake, hufunguliwa saa 1:30 asubuhi.

Pengo hilo la saa chache lina maana kubwa. Kama mtumishi anayetoa kibali au kumbukumbu namba ya malipo hufika baada ya soko kuchangamka, mfanyabiashara ana njia mbili: asubiri na mzigo uharibike, au alipe pembeni bila stakabadhi. Kiongozi anayeitazama ripoti ya mapato bila kuujua mzunguko wa ziwa anaweza kuhitimisha kuwa wananchi wanakwepa ushuru. Kiongozi anayeujua atapanga zamu ya alfajiri katika siku za giza na kuipunguza katika siku za mbalamwezi. Uamuzi huo hauhitaji mfumo mpya. Unahitaji ratiba na posho stahiki ya mtumishi wa zamu.

Suala la umeme na mtandao nalo halina budi kuzungumzwa kwa uwazi. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kigoma ulitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, hadi wilaya zake zilipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na ruzuku za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) zimepanua mawasiliano hadi vijijini. Hata hivyo, hakuna nchi ambayo mtandao wake haukatiki kamwe, na mwambao wenye milima unaoangalia ziwa lenye kina cha takriban mita 1,470 una changamoto zake za mawimbi ya simu.

Kwa sababu hiyo, kila kituo cha huduma kinapaswa kuwa na utaratibu wa dharura ulioandikwa na kufahamika: nani anaarifiwa mtandao unapokatika, huduma gani inaweza kuendelea kwa kumbukumbu za muda, kumbukumbu hizo zinaingizwa lini kwenye mfumo, na mwananchi anaambiwa nini. Kauli ya "mtandao uko chini, njoo kesho" ni ndogo kwa anayeitamka. Kwa mtu aliyefika kwa boti kutoka kijiji cha mbali, kesho ni nauli nyingine na usiku mmoja wa kulala mjini.

Mtumishi wa pembezoni

Uongozi wa kidijitali unawahusu pia watumishi wenyewe. Chukulia mwalimu au muuguzi anayefanya kazi Kagunga au Mwamgongo, vijiji vya mwambao wa kaskazini ambavyo usafiri wake mkuu ni wa majini. Kwa utaratibu wa zamani, kufuatilia likizo, uhamisho au kasoro ya mshahara kulimaanisha kupanda boti hadi Kibirizi, kisha kusafiri hadi makao makuu ya halmashauri, na mara nyingine kurudi bila jibu kwa kuwa mhusika hakuwepo ofisini. Wakati huo wote darasa lilibaki bila mwalimu na wagonjwa walibaki bila muuguzi.

Kupitia mfumo wa huduma kwa watumishi (ESS), maombi ya likizo, uhamisho na huduma nyingine za kiutumishi sasa huwasilishwa kwa simu au kompyuta. Vilevile, Mfumo wa Usimamizi wa Utendaji Kazi kwa Watumishi wa Umma (PEPMIS) umechukua nafasi ya utaratibu wa OPRAS ulioanza mwaka 2004, ambao ulitumia fomu za karatasi. Katika mfumo mpya, mtumishi hujiwekea majukumu yanayotokana na mpango wa taasisi, huripoti utekelezaji, na msimamizi wake humpima kwa kazi iliyofanyika.

Manufaa hayo yanategemea kiungo kimoja: msimamizi anayefungua mfumo na kutoa uamuzi. Ombi la uhamisho lililowasilishwa kwa dakika tano linaweza kukaa miezi mitano kwa sababu hatua inayofuata ni ya mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti yake. Tathmini ya PEPMIS inayojazwa kwa haraka siku ya mwisho, kila mtumishi akipewa alama zilezile, huwavunja moyo wachapakazi na kuwaficha wazembe. Karatasi iliyolala kwenye jalada ilikuwa na kisingizio cha kupotea. Ombi lililolala kwenye mfumo lina tarehe, saa na jina la anayelichelewesha. Viongozi wa ngazi za juu wanaweza kuutumia ukweli huo kusimamia haki za watumishi walio mbali.

Jambo lingine ni nywila. Kumekuwa na mazoea katika baadhi ya ofisi ya kiongozi kumpa msaidizi nywila yake ili amsaidie kuidhinisha nyaraka. Mazoea hayo ni hatari. Idhini inayotolewa kwa nywila ina uzito wa saini. Malipo yakipita isivyostahili, mfumo utaonesha jina la mwenye akaunti, naye ndiye atakayejibu. Kiongozi anayesafiri anapaswa kukaimisha madaraka kwa utaratibu rasmi, mfumo ukitambua nani anakaimu na kwa muda gani.

Mikopo ya vikundi na lugha ya mifumo

Katika mwalo wa Kibirizi na mialo mingine ya Kigoma, wanawake ni nguzo ya biashara ya kukausha, kufungasha na kuuza dagaa. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro za usimamizi, na ulirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa unaotumia mfumo wa kielektroniki katika maombi.

Mfumo unasaidia kudhibiti vikundi hewa na kurahisisha ufuatiliaji wa marejesho. Hata hivyo, mwanamke anayeamka usiku wa manane kununua dagaa mwaloni huenda hana simu janja, na huenda hajawahi kujaza fomu ya mtandaoni. Ikiwa ataachwa ajitafutie njia, mkopo wake utakuwa wa kwanza kupita mikononi mwa dalali anayetoza fedha kwa kujaza maombi ambayo hayalipiwi. Hapa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye daraja. Kiongozi makini atahakikisha afisa huyo ana kifaa, ana kifurushi cha intaneti, na ana siku maalumu ya kukaa mwaloni kuvisaidia vikundi kujisajili bila malipo.

Lugha pia ni sehemu ya uongozi. Kiswahili ni lugha ya Taifa, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Mfumo unaomuuliza mvuvi maswali kwa Kiingereza humlazimisha kutafuta mkalimani hata katika jambo linalohusu fedha zake. Taasisi inapoagiza mfumo mpya, sharti la kwamba kurasa za mwananchi ziwe katika Kiswahili rahisi linapaswa kuandikwa mwanzoni mwa mradi. Kulikumbuka mwishoni huongeza gharama.

Takwimu katika uamuzi mgumu

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa upande wa Tanzania zilipumzishwa ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ambazo zinashirikiana kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Kwa jamii ambayo kipato chake hutoka ziwani, miezi mitatu bila kuvua ni jambo zito.

Uamuzi wa aina hiyo unahitaji takwimu sahihi kabla, wakati na baada ya utekelezaji. Ni mitumbwi mingapi inavua? Mavuno yalikuwa kiasi gani, na yalikuwaje baada ya ziwa kufunguliwa? Ni kaya zipi zilizokosa kipato kabisa? Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), yenye kituo mjini Kigoma, hukusanya takwimu za mavuno ya samaki, zikiwemo zinazotumwa kwa njia ya kielektroniki kutoka mialoni. Vikundi vya Ulinzi Shirikishi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) ni macho ya Serikali katika kazi hiyo.

Takwimu hizo zinapaswa pia kurudi kwa waliozitoa. Mvuvi aliyeombwa kutundika nyavu zake anastahili kuoneshwa, kwenye ubao wa matangazo wa mwalo na katika mkutano wa hadhara, matokeo ya kusubiri kwake. Wananchi wa Kigoma si wageni wa mjadala huu. Mwaka 2016, Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi (OGP). Tanzania ilijiondoa katika mpango huo mwaka 2017, na ushiriki wa Manispaa nao ukafikia mwisho. Hata hivyo, haja ya taarifa kumfikia mwananchi kwa namna anayoielewa imebaki palepale, na mifumo ya sasa imeirahisisha kuliko wakati huo.

Uzoefu wa nchi nyingine

Tanzania haipo peke yake katika safari hii. Estonia ilianza kutumia mfumo wake wa kubadilishana taarifa, X-Road, mwaka 2001, kwa msingi kwamba taarifa ambayo mwananchi ameshaitoa kwa ofisi moja asiombwe tena na ofisi nyingine. Kenya ilianzisha jukwaa la eCitizen mwaka 2014, na Rwanda ina jukwaa la Irembo ambalo, pamoja na huduma za mtandaoni, hutumia mawakala wanaowasaidia wananchi wasio na vifaa. Nchini mwetu, e-GA imejenga mfumo wa kuwezesha mifumo ya Serikali kubadilishana taarifa (GovESB).

Funzo linalojitokeza katika mifano hiyo ni kwamba kuunganisha mifumo ni makubaliano kati ya viongozi kabla ya kuwa kazi ya mafundi. Nyaya na programu zinaweza kuwepo, lakini taasisi mbili zisipokubaliana kuaminiana kwa taarifa, mwananchi ataendelea kubeba nakala ya kitambulisho kutoka dirisha moja hadi jingine.

Mambo ya msingi kwa kiongozi wa umma

Katika kuimarisha uongozi wa kidijitali, mambo matano yanaweza kuanza kutekelezwa katika ngazi yoyote, kuanzia wizara hadi kata.

Kwanza, kiongozi afungue mwenyewe mifumo ya eneo lake kila siku na kuzifanya taarifa zake kuwa ajenda ya kudumu ya vikao vya menejimenti. Pili, kila huduma ya kidijitali iwe na mtu mmoja anayefahamika kuwa mwenye dhamana nayo, na jina la cheo chake pamoja na namba ya simu ya ofisi vibandikwe mahali panapoonekana. Tatu, kuwe na utaratibu wa dharura kwa siku ambazo umeme au mtandao haupatikani. Nne, mafunzo yawafikie watumishi wa mstari wa mbele na wasimamizi wao kwa pamoja. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, chenye kampasi Tabora, na Taasisi ya UONGOZI ni miongoni mwa vyombo vyenye jukumu la kuwajengea uwezo watumishi na viongozi.

Tano, taarifa za wananchi zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaisimamia. Orodha ya majina, namba za NIDA na namba za simu za wanakikundi haipaswi kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu tu ni njia ya haraka. Mwananchi aliyetoa taarifa zake ili apate mkopo hakuzitoa ili zimfikie kila mtu.

Wajibu na haki za mwananchi

Mwananchi naye ana nafasi katika kuufanya uongozi huu uwe imara. Anapolipa fedha za Serikali, adai kumbukumbu namba ya malipo au stakabadhi ya mashine, ahakikishe jina, kiasi na huduma vinalingana na anacholipia, na atunze ujumbe wa uthibitisho. Asimpe mtu yeyote nywila yake, namba ya siri ya simu wala picha ya kitambulisho bila sababu ya msingi. Mwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti anaweza kupata baadhi ya huduma za Serikali kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Pale anapocheleweshewa huduma au kuombwa malipo yasiyo na stakabadhi, mwananchi ana haki ya kulalamika. Mfumo wa e-Mrejesho umewekwa ili apeleke malalamiko, maoni, mapendekezo au pongezi moja kwa moja kwa taasisi husika na kufuatilia yalikofikia. Malalamiko yenye tarehe, mahali, na namba ya stakabadhi hufanyiwa kazi kwa urahisi zaidi. Anayeona ni vigumu kutumia mfumo anaweza kufika kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, ambaye ana wajibu wa kumsaidia.

Serikali imeshajenga mifumo mingi, na mingine inaendelea kujengwa. Kazi iliyo mbele ni ya watu: mkurugenzi anayesoma ripoti ya POS kabla ya kusaini posho, afisa utumishi anayejibu ombi la mwalimu wa Kagunga ndani ya muda uliowekwa, na mtumishi wa zamu anayefika Kibirizi kabla mitumbwi haijafika. Wananchi wanahimizwa kuuliza, kudai stakabadhi na kutoa mrejesho, kwa kuwa kiongozi anayesikia mapema kasoro za mwaloni ana nafasi ya kuzirekebisha kabla hazijawa hoja ya ukaguzi.